Mshipi wa Mgeni

Malindi, Jumatano, siku ya sita ya mwezi wa Mfungo Pili. Jua kali tangu asubuhi, upepo hafifu. Mikono yangu bado inanuka samaki na moyo umechoka.

Leo nimekwenda baharini kama mkalimani. Bwana mkubwa wa boma letu ana mgeni, afisa wa jeshi aliyekuja kupumzika, naye alitaka kuvua kwenye vile visiwa vya mawe vya Watamu. Havui ili ale. Anavua kwa mchezo, kwa fimbo nyembamba yenye gurudumu la shaba, na akishampima samaki wake humwacha papo hapo mchangani. Mimi ni karani tu, sikuulizwa kama napenda.

Mashua ilikuwa ya mjomba wangu, Nahodha Shee, naye alikuwa na haja yake. Mwanawe wa pekee, Salim, ameandikwa katika orodha ya wapagazi wa vita, na katika waliotangulia ni wachache tuliowaona wakirudi. Mgeni alikuwa ameahidi kwamba safari ikienda vizuri atamwandikia bwana mkubwa, aseme Salim anahitajika hapa awe baharia wake.

Barua moja tu.

Kabla hatujatweka tanga, mgeni aliniambia nimfahamishe nahodha jambo moja. Samaki akishika, mtu mwingine asiguse mshipi. Akiugusa, samaki huyo hahesabiwi kuwa wake. Nikamfasiria mjomba neno kwa neno, naye akacheka.

"Mwanangu, ushamwona wapi mgeni akakubali chakula mara ya kwanza? Hukataa, nawe ukamshikilia mpaka ale."

Nikamwambia huyu anasema kweli. Akanipigapiga begani. Ningalisisitiza, lakini mimi ni mtoto wa dada yake, na kumbishia mbele ya mabaharia wake sikuweza. Hilo ni kosa langu na ninalijua.

Adhuhuri akashika samaki mkubwa, sulisuli. Mgeni alipambana naye zaidi ya saa nzima, uso umemwiva, vidole vinatoka damu, na sisi tumekaa kitako tunamtazama. Hata mimi niliona haya. Mjomba alikuwa hatulii, kama mtu aliyekalia siafu.

Kisha mgeni akateleza, akapiga goti.

"Lo, tumwache mtu afe tukimtazama?" mjomba akasema. Akaruka, akaukamata mshipi kwa mikono miwili, akamvuta samaki mpaka ubavuni mwa mashua. Halafu akageuka huku anatabasamu, anangoja ahsante yake.

Mgeni akatoa kisu, akaukata mshipi. Samaki akazama.

Maneno aliyoyasema baadaye sikuyafasiri. Nilijaribu kuokoa jambo. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nahodha ni mzee mjinga, hafahamu kitu, amsamehe. Nimemtukana ndugu wa mama yangu mbele ya macho yake ili nimwokoe mwanawe. Mjomba alipoona nasema sana, alidhani namtetea, akaninong'oneza, "Ahsante, mwanangu."

Mgeni alijibu kwamba barua hakuna. Nikamsihi tena tulipofika pwani, akanipa fimbo yake nimchukulie.

Baada ya alasiri mjomba akaja kwangu. Hakuwa na wasiwasi wowote.

"Lile jua lilimpanda kichwani," akasema. "Akilala atakumbuka ni nani aliyemsaidia. Barua itatoka lini?"

Nikamjibu, inshallah kesho.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nimekaa hapa na kalamu tangu alipoondoka, na sijapata njia. Bwana mkubwa hamsikilizi karani wake, na jina siwezi kulifuta, kwa kuwa orodha analala nayo yeye.

Kesho saa tatu watu watakusanywa bomani, na mimi ndiye nitakayesoma majina ya wapagazi wanaochukuliwa. La Salim ni la nne. Mjomba ameniambia atakuja mapema, apate kukaa mbele, anisikie vizuri.