Kulwa Anaandika Kiingereza

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Dukani wateja wa vitenge hakuna. Nimetoka mapema, nikaenda darasa la Kiingereza. Mwalimu ametupeleka tena mjini kwenye duka la kompyuta, tuandike kwenye ule ukurasa wa intaneti wa wanafunzi wa Kiingereza wa nchi mbalimbali. Ujieleze wewe ni nani. Nimekaa mbele ya kioo cha kompyuta nikakauka. Naitwa Doto, nauza vitenge, naishi Igogo na mama. Basi, nimeisha.

Nikajiita Kulwa. Pacha wangu, aliyekufa kwa surua kabla hatujaanza shule. Nikageuza mambo: Kulwa yu hai, aliyekufa ni Doto. Kiingereza kikatiririka ajabu. Kulwa haogopi kukosea.

Jumatano, 6 Oktoba

Hakuna darasa. Kutwa nzima namtunga Kulwa kichwani huku napima vitambaa. Nimemkatia mteja pungufu, nikafokewa. Sikujali.

Jumatatu, 11 Oktoba

Watu wamejibu. Mbrazili, Mkorea, mama mmoja wa Uturuki. Wote wanampa Kulwa pole kwa kifo cha Doto. Mbrazili kaniwashia mshumaa kanisani. Sijawahi kupendwa hivi nikiwa hai. Nimecheka, halafu mwili ukanisisimka.

Jumanne, 12 Oktoba

Kwetu pacha akifa haliliwi. Mama anaamini machozi yatamvuta na yule aliyebaki. Badala yake kila jioni, kabla hatujala, hutenga tonge la ugali na kusema, "Hili la Kulwa." Miaka yote.

Leo ametenga, akasema, "Hili la Doto." Akanisogezea sahani. Hakushtuka hata kidogo. Mama hajui Kiingereza, wala hajawahi kuona kompyuta. Sijamwambia mtu yeyote nyumbani habari za ukurasa ule.

Jumatatu, 18 Oktoba

Nimeandika ukweli kwenye ukurasa. Mimi ni Doto, niko hai, nilikuwa natunga tu. Sentensi fupi, zinachechemea. Nimemwomba mwalimu anisaidie kufuta habari za Kulwa. Anasema hana uwezo huo, ukurasa una wenyewe ng'ambo. Kisha akanisifu: Kulwa wako ana kipaji.

Alhamisi, 21 Oktoba

Hawaniamini. Mturuki amekasirika, anasema si vizuri kumchezea marehemu. Mbrazili anasema uandishi huu si wa Kulwa, ni mtu mwingine kajipenyeza. Wanamtaka Kulwa aendelee. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Doto swali.

Nyumbani mama sasa ananiita Kulwa waziwazi. Nimemwambia, "Mama, mimi Doto." Akanitazama kwa huruma, akanishika shavu. "Pole, mwanangu. Hata mimi namkumbuka."

Naogopa. Na nitasema ukweli hapa daftarini, maana hapasomwi na mtu: hajawahi kuniita mwanangu kwa sauti ile.

Jumapili, 24 Oktoba

Tumekwenda Bujora kwa bibi, mahali alipozikwa Kulwa. Wazo langu. Nilidhani akiliona kaburi akili itamrudi. Bibi angekuwepo angesema ni nani amelala pale, lakini naye ni marehemu sasa.

Mama alipiga magoti, akang'oa majani. Kisha akalia. Yeye aliyekataza wote wasilie. Akaita, "Doto. Doto wangu." Nilisimama nyuma yake nikajisikia kama mimi ndiye ninayeliliwa. Nilimgusa bega nikasema, "Mama, nipo hapa."

Hakugeuka. Alisema, "Najua, Kulwa. Subiri kidogo, ninaongea na mwenzio."

Jumatatu, 25 Oktoba

Mvua kidogo asubuhi. Mama ameamka mchangamfu, kakoroga uji. Aliniita kutoka jikoni, "Kulwa." Nilikaa kitandani. Akaita tena, taratibu, kwa sauti ile.

Nikaitika, "Abee, mama."

Uji ulikuwa mtamu. Tukanywa, kisha nikaenda kazini.