Rimu za Kumi na Saba

Jumatatu, 2 Desemba

Nimeosha gari, milango yote wazi, kama kila Jumatatu. Nikasugua hata kile kibandiko cha pembeni ya mlango wa dereva, chenye namba za matairi. Sijawahi kukisoma. Juu gari linang'aa. Chini, rimu za chuma, za inchi kumi na nne, kutu mpaka kwenye nati. Aibu tupu.

Salumu, mtoto wa dada Zuhura, yuko jandoni. Anatoka mwisho wa mwezi. Mjomba wake ni mimi, sina mwenzangu. Kwa ukoo wetu mwali, ndivyo tunavyomwita mvulana wa jando, akitoka kumbini hakanyagi chini mpaka mlangoni kwa mama yake, na anayemfikisha ndiye anayempa jina la ukubwa. La utotoni halitajwi tena, kulitaja ni tusi. Ataitwa Bakari, kama mimi. Dada ataitwa Mama Bakari. Nimelijaribu kwa sauti bafuni. Linapendeza.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimeshuka Masasi. Nimenunua rimu za kumi na saba, na matairi yake mapana. Fundi aliuliza kama gari linabeba mzigo. Nikasema hapana. Nilijua nikisema ndiyo atanitajia rimu ndogo, na kipenda roho hula nyama mbichi. Tundu nne, nati nne, zikaingia. Kwangu mimi rimu ikiingia, imefaa.

Zimechomoza kidogo nje ya madigadi. Nimeona huo ndio urembo wenyewe.

Jumapili, 15 Desemba

Newala nzima imeniona. Nimepita sokoni mara mbili bila shida ya kununua kitu.

Nikikata kona sana kuna kitu kinakwaruza. Nikaongeza redio.

Shemeji, baba yake Salumu, alikuja mjini na baiskeli yake kutoka Chiungutwa. Akaziangalia rimu, akasema, "Kubwa hizi, shemeji." Basi. Nikamwambia siku ya mwali hiyo baiskeli aiache nyumbani isije ikatuharibia msafara. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimempelekea dada magunia ya mahindi ya sherehe. Gari likakaa chini, matairi ya nyuma yakaanza kula chuma. Nikaenda kama nimebeba mayai. Kule nikapapasa ndani ya madigadi. Rangi imetoka, ukingo umekuwa mkali.

Rimu za zamani ziko stoo. Jioni nzima ilikuwa yangu. Nimezitazama, nimefunga mlango. Kesho halipandi gunia, wanapanda watu. Nimejiambia hivyo, kana kwamba watu hawana uzito.

Jumamosi, 28 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Tulimpakia Salumu kumbini, kiti cha mbele, kafunikwa kanga. Nyuma akina mama wamebanana, ngoma miguuni mwao. Tairi la akiba nililitoa asubuhi kupisha ngoma. Mtoto alikuwa ananukia mafuta, mpole, mikono juu ya magoti. Vigelegele. Nilijiona mtu.

Mbele kidogo barabara imechimbika kwa mvua. Gari likazama. Harufu ya mpira ukiungua, moshi, kisha mlio. Tairi la nyuma limekatwa na ukingo wa madigadi, limefunguka kama muhogo uliopasuliwa.

Nikamwambia mtoto akae, nakuja. Nikaingia chini ya gari. Sijui nilikuwa natafuta nini. Akiba sina. Nilikuwa nagonga nati kwa spana ili nionekane nafanya kitu. Wanawake wakashuka, ngoma ikaanza kupigwa palepale, na wimbo ukatungwa juu ya mgongo wangu:

"Gari la mjomba eee, limevaa viatu vya tembo! Kutembea haliwezi!"

Nikiwa chini nikaona magurudumu mawili membamba yanasimama kando ya langu. Shemeji. Hakuiacha baiskeli nyumbani. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amekunja kanga na kuifunga vizuri. Alijiandaa. Aliniogopea tangu siku ile mjini, akanyamaza asiniaibishe.

Akasema tu, "Panda, mwanangu."

Wakaondoka, baiskeli inasukumwa, ngoma inafuata. Kwangu ikabaki miguu yangu miwili iliyotokeza chini ya gari.

Jumapili, 29 Desemba

Sikwenda kula pilau. Nimesingizia tumbo.

Kutoka pale mpaka kwa dada nyumba inaonekana. Inaonekana! Na mabega ninayo. Wajomba wa zamani waliwabeba watoto wa jando mabegani, gari walilisikia tu. Ningetoka chini ya lile gari nikamweka Salumu shingoni, nani angekumbuka tairi? Sikulifikiria kabisa. Nilifikiria rimu.

Ninajichukia leo.

Jumatano, 1 Januari

Nimesoma kibandiko. Kimekuwepo miaka yote, nakisugua. Kinataja upana wa tairi, unene wake, na rimu ya inchi kumi na nne. Rimu ikikua, tairi lipungue unene, ili gurudumu zima libaki na kimo kilekile. Mimi nilikuza vyote. Tena rimu ina kina chake cha kukaa. Zangu zilikaa nje mno, mzigo ukishusha gari zinakutana na chuma. Ya kumi na tano, na tairi lake la kadiri, ingekaa bila matata. Lakini ya kumi na tano nani angegeuka kuitazama?

Nimezirudisha za kutu. Watoto wa jirani wameimba ule wimbo mpaka nati ya mwisho.

Jumatatu, 13 Januari

Nimekwenda Chiungutwa, hatimaye. Gari zito, maharage na mbolea ya dada. Mashimo yote, wala hakuna kilichogusa kitu. Redio nilizima.

Shemeji alinipokea mzigo kama hakuna lililotokea. Hiyo ndiyo iliuma zaidi. Jirani akapita, akasalimia, "Habari za leo, Mama Twaha?" Dada akaitika, kisha akatazama chini kwa ajili yangu.

Twaha. Jina la babu yake upande wa baba.

Mtoto akatoka ndani, kanzu mpya, amerefuka kidogo. "Shikamoo, mjomba."

Jina la zamani lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Na langu nyuma yake. Nikayameza yote mawili.

"Marahaba, Twaha."

Akatabasamu. Akaniomba niwapeleke yeye na baba yake kwa gari, baiskeli ina pancha. Nikawapeleka.