Herufi Moja Iliyomtoa Salah Kazini

Mpendwa shangazi yetu, Eedo Shamso, naomba msaada wako, na jina langu ulifiche, maana hapa Garissa tunajuana. Nafanya kazi katika shirika dogo la kupeleka maji vijijini, na kila Jumatatu napakia orodha ya vijiji kwenye seva iliyo Nairobi, wao wakiisoma ndipo malori yanatumwa, na Jumatatu moja mwezi uliopita seva ikanikataa. Mwenzangu, nitamwita Salah, alikuwa amebadilisha neno la siri na kunitumia jipya kwa simu, nami nikaliandika kwa mkono, likakataliwa, nikarudia na kurudia, mara ya tano seva ikaifunga akaunti, na badala ya kusema nimeshindwa, mimi niliyeajiriwa kwa cheti cha kompyuta, nikamwambia mkubwa wetu kwamba Salah alinipa neno la uongo. Salah akasema, "Wallahi ni hilo hilo," akaketi akaliandika mbele yetu, na kwa kuwa akaunti ilikuwa imeshafungwa, akakataliwa pia, mkubwa akamwambia, "Unacheza na maji ya watu," akamsimamisha kazi papo hapo.

Malori hayakufika kijiji cha Kotile kwa siku tisa. Mama mmoja aitwaye Weris akapiga simu ofisini, "Binti yangu, tumekosa nini? Watoto wanakunywa dimbwi moja na ng'ombe," nami nikamjibu kwa heshima kama mama mdogo, "Ni mtandao, habo."

Nairobi walipofungua akaunti, nikalinakili neno moja kwa moja kutoka kwenye ujumbe wa Salah, likakubaliwa mara moja. Nikalitazama herufi kwa herufi. Ya nne ilikuwa L ndogo, mimi nilikuwa naandika I kubwa, maana kwenye simu zinafanana. Nikafunga mlango nikalia. Salah hajarudishwa, na tukikutana sokoni bado ananiuliza kama kazi inaendelea vizuri, nami nashindwa kumtazama usoni. Je, niombe uhamisho?

Mwenye aibu, Iftin (si jina langu la kweli)

Eedo Shamso anajibu: Abaayo, dada yangu, uhamisho wa kwenda wapi? Kusoma herufi vibaya si dhambi, wengi waliokuzidi elimu wamekosea hapo. Kujaribu mara tano bila kuuliza mtu, hicho ni kiburi. Na tangu ulipojua ukweli, kila siku unayonyamaza unamfukuza Salah upya.

Pole, najua inauma. Lakini usidhani hakuna ushahidi. Seva huandika kila jaribio na saa yake, na rekodi hiyo itaonyesha akaunti ilifungwa kabla Salah hajagusa kibodi. Iombe wewe mwenyewe kesho asubuhi, ingia nayo kwa mkubwa wako useme, "Nilikosea mimi, nikamsingizia Salah." Usitaje mtandao. Omba arudishwe kwa barua, na wenzenu wote waisikie.

Siku nyingine neno likikataliwa, linakili, angalia herufi kubwa na nafasi tupu iliyobaki mwishoni, na likikataliwa mara ya pili, acha, uliza.

Mpigie Weris umwambie ukweli. Kisha nenda kwa kina Salah umwombe msamaha. Akikataa, ana haki, usibishane naye. Unaweza kufukuzwa, sikufichi. Nenda.