Kengele Nyeupe ya Mwalimu Hilda

Mama, mwaka umekatika na bado hatuamini. Hapa nyumbani Ruhuwiko mtu akigonga mlango jioni, baba anainua kichwa akidhani ni wewe unarudi kutoka jumuiya.

Hukuugua. Hilo ndilo linalotuchanganya mpaka leo. Asubuhi ile, Krismasi ikiwa imekaribia, ulikunywa chai, ukamsema mwanao Remmy kwa kuacha pikipiki mvuani, kisha ukaipaka kengele yako ya mapambo rangi nyeupe na kuiweka dirishani. Ukasema, "Najinyoosha kidogo. Ikikauka mniamshe." Rangi ilipokauka, binti yako Benigna alikuja kukuamsha. Hukuamka. Jamani, nani anaondoka duniani akisubiri rangi ikauke?

Ulifundisha darasa la kwanza miaka mingi, na wengi katika mji huu wewe ndiye uliyewashikisha kalamu. Ulipostaafu tulidhani utapumzika. Wapi. Ulianza kutazama video za kupaka mapambo kwenye simu ya Remmy, ukaagiza kengele ndogo za udongo kwa mfinyanzi wa Maposeni, ukaiteka meza ya chakula. Tukawa tunakula ugali mkekani, na ukituona tumenuna unatuambia sanaa haina haraka.

Wewe mwenyewe haraka ulikuwa nayo. Mwaka wa kwanza ulipaka nyekundu juu ya nyeupe mbichi, malaika uliowachora wakatoka na nyuso za waridi. Baba alisema wamechomwa na jua la Namtumbo. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu hapo ikawa amri ya nyumba: ya kwanza ikauke kabisa, ndipo ya pili. Ulimwambia hivyo hata Remmy alipotaka kuoa mbio mbio.

Ukatuwekea na desturi. Kila mtu ana kengele yenye jina lake, na mkesha wa Krismasi anaitundika mwenyewe kwenye tawi la mvinje, mti wetu wa Krismasi. Ya mwenzako huigusi. Jirani yetu Mama Asma naye ulimpakia yake, na hakukosa kuja kuitundika. Yako tu ndiyo uliyokuwa ukiiahirisha, eti wengine kwanza.

Krismasi iliyopita hatukutundika kitu. Kengele yako ilibaki dirishani, nyeupe, haina jina. Remmy alitaka kuimalizia, baba akamkatalia. "Iache. Mwenyewe hajamaliza." Mwaka mzima ameifuta vumbi, nasi tukaogopa hata kumuuliza kama mti utawekwa tena. Tuliona Krismasi ya nyumba hii imekwenda nawe.

Jumapili iliyopita, tuliporudi kutoka misa, baba alifuta meza, akavaa miwani yako, akamwita Benigna.

"Lete ile nyekundu, mwanangu. Ya kwanza imeshakauka."

Hatukujua tukae au tusimame. Akaandika mwenyewe, mama. Jina lako limepinda, na herufi ya mwisho imeparamia ukingo. Ungemwambia afute aanze upya. Mkesha ukifika ataitundika yeye, na desturi yako tutakuwa tumeivunja. Utusamehe.

Unakumbukwa na mumeo Kajetani, wanao Benigna na Remmy, mkweo Lukresia, wajukuu zako, Mama Asma, na wanajumuiya wote wa Ruhuwiko.

Ulisema ikikauka tukuamshe. Tulikuja, mama. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.