Dakika Arobaini na Tano Nilizokuambia

Mpendwa baba yangu, Tata,

Nakuandikia nikiwa uwanja wa ndege wa Mwanza, kwenye kiti kilekile cha karibu na dirisha. Mama anaumwa tangu jana na ndege ya Bukoba imechelewa. Wanasema wingu limetanda upande wa kule. Naandikia juu ya goti, mwandiko huu ungekuudhi.

Unakumbuka uliponiuliza Mwanza ni mbali kiasi gani? Nikakujibu kwa maringo, "Kwa ndege ni dakika arobaini na tano tu, Tata." Ukatazama zizi, ukapima kwa namna yako. "Basi ni ng'ombe wanne. Nikianza kumkamua wa kwanza unapanda, nikimaliza wa nne umeshuka." Tulicheka. Tangu siku hiyo Nyabiyonza nzima ilijua kwamba binti yako anaishi umbali wa kukamua ng'ombe wanne.

Nami nikajificha humo. Krismasi ikipita sijaja, nilikuambia niko karibu, ni zile dakika arobaini na tano. Sikukutajia kusubiri uwanjani, wala gari la kutoka Bukoba hadi Kayanga, wala bodaboda ya kutoka Kayanga hadi nyumbani kwenye utelezi. Safari ya kutwa nzima niliifupisha kwa sababu ilinifaa.

Asubuhi ile kifua kilipokubana, mdogo wangu Deo alinipigia akiwa ameshapata gari la kukupeleka hospitali. Nikamwambia napanda ndege muda si mrefu. Ukasikia. Ukavaa koti lako la kanisani, ukakaa kwenye kiti langoni na kukataa kuingia garini. "Ni ng'ombe wanne tu. Tumsubiri, twende naye." Ukamtuma Deo akakamue. Alipomaliza wa nne na barabara bado ni tupu, ukamlaumu kwamba amekamua haraka mno.

Mimi nilikuwa bado hapa, natazama wingu.

Nilifika jioni. Koti lilikuwa limetundikwa ukutani, na majirani wamejaa uani wakiomboleza. Sijamwambia mtu hili, Tata, lakini nina hasira na wewe. Ungeondoka tu. Kisha nakumbuka kwamba uliniamini, na hasira yote inanirudia mwenyewe.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye barua simu ikaita. Ni Deo. Mkono wa mama wa kushoto umekufa ganzi, gari liko langoni, naye hataki kupanda.

"Dada, anasema unakuja. Anasema si ni zile dakika arobaini na tano?"

"Mpe simu."

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa shida.

"Mama, usinisubiri. Panda gari."

"Si uko karibu, mwanangu?"

Nilitazama ubao wa safari. Ndege yetu haikuwa na saa.

"Hapana, mama. Niko mbali. Niko mbali sana, nitafika jioni."

Halafu nikamsikia akimwambia Deo amletee kitenge chake, na mlango wa gari ukafungwa.

Pumzika, Tata. Safari hii usinihesabie ng'ombe.

Ni mimi binti yako, uliyenisubiri langoni.