Flashi ya Jouko na Michoro ya Kekee

Bi Ardis mpendwa, niokoe kabla sijaharibu, maana nakuandikia kwa simu kutoka Tampere, huku Ufini, safari yangu ya kwanza ya kikazi ng'ambo. Mimi ni mchoraji wa ramani za vifaa katika karakana ndogo hapo nyumbani Duluth, jimbo la Minnesota, tunatengeneza kekee za kutobolea barafu za wavuvi wanaovua kwenye maziwa yaliyoganda, na mwaka huu tumebuni moja nyepesi ajabu ambayo bado hatujaisajili ili wengine wasiinakili, na leo kwenye maonyesho Wafini wameishika, wakaizungusha, wakacheka kama watoto, na mnunuzi mmoja aitwaye Jouko akasema kesho tuzungumze mkataba, nusura nimkumbatie! Sasa, bosi wangu Verlyn alinipa laptopu tupu ya safari akaniambia yangu niiache nyumbani, lakini ile ni kuukuu na nzito, nikaona aibu kuitoa mbele ya watu, nikabeba yangu yenye michoro yote. Halafu Jouko akanipa flashi, eti ina picha za maziwa yao, nikakataa, akasisitiza, nikakataa tena, akasisitiza, na unatujua sisi wa Minnesota, mara ya tatu unapokea, ukikataa umemtukana mtu. Sijaichomeka, ila ipo hapa mezani na mkono unaniwasha, na kesho ataniuliza nimezionaje. Nifanyeje nisimuudhi?

Marlys Tollefson

Marlys mwanangu, hongera sana! Nimesoma habari za Wafini na kekee yenu nikapiga makofi peke yangu jikoni, paka akakimbia.

Sasa nikugombeze. Verlyn alikupa laptopu tupu kwa sababu mdukuzi hawezi kuiba kisichokuwemo, nawe ukaiacha kwa ajili ya sura. Ulikwenda kuuza kekee au kuuza laptopu? Na hiyo ya mara ya tatu naijua, keki za majirani nimezikataa mara mbilimbili maisha yangu yote. Lakini keki inaingia tumboni, flashi yenye kirusi inaingia kwenye michoro. Kuipokea si kosa, kosa ni kuichomeka. Simsemi Jouko vibaya, huenda hata yeye hajui kilichomo.

Itie ndani ya soksi, ije hivyo hivyo kwa Verlyn. Zima laptopu mpaka Duluth, na usiiache hotelini, tembea nayo. Waifai ya hoteli usiiguse, tumia laini yako, na simu uichaji kwa chaja yako ukutani, si kwenye nyaya za bure za maonyesho, nazo zaweza kuiba yaliyomo. Mpigie Verlyn leo umwambie ukweli. Atafoka, msikilize.

Kesho mwambie Jouko usoni: "Kazini kwetu haturuhusiwi kuchomeka flashi ya mtu. Nionyeshe maziwa yenu kwenye simu yako, nina hamu nayo." Mnunuzi wa kweli ataona kwamba na siri zake utazitunza hivyo hivyo. Akinuna, mwache anune. Michoro ikivuja, karakana nzima itakosa kazi, na yeye hatakuja Duluth kuwafuta machozi.

Haya, zima hiyo mashine, ukauze.

Bi Ardis