Ukanda wa Kikapu Hauna Makosa

Nairobi, wodi ya wanawake
Jumapili baada ya maombi

Kwako Mama yangu,

Chamgei, Mama. Nakusalimu na kichwa kimenyolewa chote, kama cha kogo, bibi yetu, akikaa juani kumenya maharagwe. Chebet wangu hajambo? Bado analala akishika sikio lako? Nikifunga macho hapa nasikia mvua ya saa nane ikija juu ya majani chai, na wewe unaita, "Anueni nguo!"

Barua ya kaka Kiplangat ilifika. Anasema umechoma ukanda wa kikapu cha kuchumia chai, na unalia ati wewe ndiye ulinivalisha kwenye paji la uso nikiwa mdogo, ndio ukaniharibu kichwa. Kwa hivyo naandika leo, hata kama mshono wa kichwa haujapona vizuri.

Unakumbuka siku karani wa kupima alimwaga majani yetu kwenye gunia? Akaniambia mbele ya watu, "Mama Chebet, hii umechumia kiwanda ama ng'ombe?" Wakacheka. Ukanitetea, halafu njiani ukaniuliza polepole kama nimechoka. Nilidhani ni uvivu wangu. Kumbe mkono wa kulia ulileta majani mawili na kichipukizi, kama kiwanda kinavyotaka, wa kushoto ukaleta magumu na vijiti, nami sikusikia tofauti.

Madaktari wengine wote walikuwa wameniuliza habari ya kichwa kuuma tu. Daktari wa hapa nilipomwambia hayo ya karani, aliacha kuandika. "Mkono wa kushoto peke yake?" Akaniambia nifunge macho, akaniwekea kitu kwenye kiganja. Nikashindwa kukitaja. Kilikuwa kifungo cha shati. Ndipo wakanipiga picha, wakaona uvimbe ndani ya ubongo, upande wa kulia, ule unaotawala mkono wa kushoto. Hakunificha, alisema kwa picha unafanana na ule mbaya wa kansa. Siku hizo, Mama, nilikuwa nawaza tu nani atambeba Chebet mgongoni.

Wakapasua, wakautoa, wakaenda kuuangalia kwa hadubini. Daktari aliporudi alikaa kitandani kwangu, nikaogopa zaidi.

"Si kansa," akasema. "Umeota kwenye ngozi nyembamba inayofunika mshipa wa fahamu. Huwa tunaukuta karibu na sikio, au hata mkononi. Ndani ya ubongo wenyewe mimi sijawahi kuona."

Nikamwuliza kama ni ukanda. Akacheka. "Ingekuwa ukanda, wodi hii ingejaa wamama wachuma chai wa kwenu Bomet." Akasema hakuna mtu aliyeuleta, na kwa vile umetoka wote, si rahisi urudi. Umesikia, Mama? Si wewe.

Sasa shona ukanda mwingine. Ukitikisa maziwa kwenye kibuyu, nibakizie, chai ya hapa ni maji ya kuoshea sufuria.

Nisalimie Baba, mwambie maombi yake yalifika. Kaka Kiplangat asante kwa kukuandikia. Na mama jirani anayekuletea kuni. Karani pia msalimie, sina kinyongo.

Jana sista alinitoa nje kwa jua. Kando ya wodi kuna ua wa miti midogo. Nimekukunjia kitu ndani ya barua hii. Si chai, lakini hesabu: majani mawili na kichipukizi. Nilichuma na mkono wa kushoto, Mama, nikiwa nimefunga macho.

Ni mimi binti yako,
Chepkoech, mama Chebet